Bunduki ya Uvunguni

Anayeomba kumiliki bunduki Tanzania hupita mbele ya macho mengi. Maombi yake huanza kwa watu wanaomjua kwa sura, wa serikali ya mtaa au ya kijiji, hupanda ngazi hadi kamati ya ulinzi na usalama ya wilaya, na njiani polisi humchunguza: ni mtu wa namna gani, amewahi kuhukumiwa, anaishi wapi, silaha anaitakia nini. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991, ilizidi kuibana njia hiyo, nami nasema ilifanya vyema. Lakini lipo jambo moja ambalo hakuna kamati inayoweza kulipima, hata ikikaa kikao cha siku saba. Kamati humwona mtu kama alivyo siku ile. Bunduki ni chuma na mti. Ikipakwa mafuta na kukingwa na unyevu hudumu miaka hamsini bila kuchoka, na zipo nyingi zilizowazika wenye nazo wa kwanza na wa pili. Katika miaka hiyo yule aliyepimwa atastaafu, atafiwa, ataugua, atahama, macho yake yatafifia, nyumba yake itajaa wajukuu ambao siku ya kamati hawakuwa wamezaliwa. Leseni huhuishwa, lakini kuhuisha karatasi si sawa na kuulizwa upya yale maswali ya siku ya kwanza. Wa kuyauliza ni mwenye bunduki mwenyewe.

Ninayemfikiria hapa ni mmiliki wa kawaida kabisa. Si jambazi, si mwindaji wa kitalii, si mlinzi wa kampuni. Ni mkulima, mfugaji au mfanyabiashara aliyenunua bunduki ya marisau zamani kwa sababu iliyoeleweka, akaitumia kidogo, kisha sababu ikaondoka na bunduki ikabaki. Ipo kabatini au uvunguni, imeviringishwa katika blanketi, na mwaka mzima unaweza kupita bila mtu kuigusa. Anajiuliza aiweke au aiuze, na mara nyingi jibu humjia kwa methali: akiba haiozi. Tena haili wala hainywi, kwa nini iondoke? Hoja yangu ni kwamba katika jambo hili methali hiyo inapotosha. Faida ya bunduki isiyotumika hupungua kila mwaka, na hatari yake haipungui pamoja nayo, pengine huongezeka. Kwa hiyo yule ambaye kazi ya bunduki yake imekwisha anapaswa kuitoa nyumbani, na aitoe angali hai, ana akili zake timamu na sauti yake inasikika.

Nimpe kwanza haki yake mwenye bunduki, maana wako wanaozungumzia silaha za raia kana kwamba zote zilinunuliwa kwa majivuno. Mwaka 2005 watafiti Craig Packer, Dennis Ikanda, Bernard Kissui na Hadas Kushnir walichapisha hesabu ya kutisha: tangu mwaka 1990 simba walikuwa wameua zaidi ya Watanzania 563 na kujeruhi wasiopungua 308, na pwani ya kusini, Rufiji na Lindi, ndiko kulikoumia sana. Kilichonigusa zaidi katika kazi yao si simba, ni nguruwe pori. Nguruwe huingia mashambani usiku, na mkulima asiyetaka kuvuna mabua humbidi alale shambani, katika dungu au kibanda cha makuti, alinde mahindi na mpunga wake. Simba naye huwafuata nguruwe, na huko humkuta mtu aliyelala peke yake. Kwa mkulima wa namna hiyo bunduki ni jembe la pili, na sitathubutu kumwambia aliyeko kwenye dungu kwamba silaha yake ni mzigo. Nasema tu kwamba bunduki iliyopewa leseni kwa ajili ya dungu imepewa leseni kwa ajili ya dungu. Shamba likiuzwa, au mzee akichukuliwa na wanawe akaishi Mbagala au Kimara, nguruwe hawahami pamoja naye. Bunduki huhama.

Huhama pia na sifa isiyostahili. Aliyewahi kufukuza nguruwe kwa bunduki miaka ishirini iliyopita huendelea kujiona anajua bunduki, ilhali kujua bunduki ni kazi ya mikono, na mikono husahau. Askari hurudishwa uwanja wa shabaha mara kwa mara kwa sababu hiyo. Raia wetu wengi hawana uwanja wa kufanyia mazoezi, na bei ya risasi haimruhusu mtu kuzichoma kwa kujifunza. Risasi zenyewe nazo huzeeka. Zilizokaa miaka kumi na tano katika droo ya nyumba ya Tanga au Kilwa zimevuta joto na unyevu wa bahari, na mwenye nazo hana njia ya kujua ipi italia na ipi itagoma. Mtutu ambao haujasafishwa hupata kutu ndani, mahali pasipoonekana. Tunapata basi kitu cha ajabu: silaha ambayo mwenyewe hawezi tena kuitegemea dhidi ya mtu aliyejiandaa, lakini bado inaweza kabisa kumuua mtu aliye karibu, asiyejiandaa, ndani ya chumba. Umbali wa kitandani hauhitaji shabaha. Akiba inayooza upande wa manufaa na kubaki nzima upande wa madhara ni akiba ya namna gani?

Hapo ndipo ushahidi unapoingia, na mwingi wa ushahidi huo umetoka Marekani kwa sababu ndiko kwenye bunduki nyingi na takwimu nyingi za vifo. Mwaka 1986 madaktari Arthur Kellermann na Donald Reay walichapisha uchunguzi wa vifo vya risasi vya miaka sita katika kaunti ya King, ambamo umo mji wa Seattle. Walikuta vifo 398 vilivyotokea katika nyumba ambamo bunduki iliyoua ilikuwa ikihifadhiwa. Kati ya hivyo, 333 walikuwa watu waliojiua, 41 waliuawa kwa jinai, 12 walikufa kwa ajali, na 9 tu waliuawa na mtu aliyekuwa akijitetea. Tisa. Wapinzani wa uchunguzi huo walisema, na kwa haki, kwamba kuhesabu maiti hakuonyeshi mwizi aliyekimbia baada ya kuona mtutu bila risasi kupigwa. Walisema pia kwamba pengine waliokuwa na nia ya kujiua ndio hao hao walionunua bunduki, kwa hiyo bunduki ilifuata huzuni na haikuileta. Hoja hizo mbili ni nzito, na mtu anayetumia hesabu ya 1986 bila kuzitaja hawatendei haki wasomaji wake.

Lakini utafiti haukusimama hapo. Mwaka 2020 kundi lililoongozwa na David Studdert lilitoa matokeo ya kufuatilia watu wazima milioni 26.3 wa California, kuanzia 2004 hadi 2016, wote wakiwa watu ambao awali hawakuwa na bastola, kisha baadhi yao wakanunua. Wanaume walionunua walijiua kwa silaha ya moto karibu mara nane kuliko wanaume wasio nayo, na kwa wanawake ilikuwa zaidi ya mara 35. Kweli, hatari ilikuwa kubwa zaidi mara tu baada ya kununua, kama wapinzani walivyokisia. Ila zaidi ya nusu ya vifo hivyo, asilimia 52, vilitokea baada ya mwaka mmoja au zaidi kupita tangu bastola iingie nyumbani. Takwimu hii ndiyo ninayotaka mwenye bunduki ya uvunguni aikalie kitako. Hao si watu walionunua silaha leo ili wafe kesho. Ni watu walionunua kwa sababu nyingine, wakaiweka, maisha yakaendelea, na siku moja giza likawakuta nayo ndani. Miaka miwili baadaye kundi hilo hilo likachapisha habari ya wale wanaoishi na mwenye bastola bila wao wenyewe kuwa nayo. Waliuawa zaidi ya mara mbili kuliko majirani wanaoishi katika nyumba zisizo na bastola, na uwezekano wa kupigwa risasi na mume, mke au mwenza ulikuwa zaidi ya mara saba. Katika kila mia waliokufa hivyo, 84 walikuwa wanawake.

Najua jibu litakalokuja: hiyo ni Marekani, sisi tuna ukoo, tuna wazee, tuna msikiti na kanisa, kujiua kwetu ni aibu na dhambi. Sipuuzi nguvu ya mambo hayo. Hata hivyo anayesoma magazeti yetu anazifahamu habari za mume aliyemfyatulia mkewe kisha akajigeuzia mwenyewe, na mara kwa mara silaha iliyotajwa ilikuwa na leseni. Isitoshe, jambo linaloifanya bunduki iwe hatari halina utaifa. Saa ya kukata tamaa huwa fupi. Huja kama wimbi, humfunika mtu, na wengi hutoka upande wa pili wakiwa hai ikiwa wimbi halikuwakuta na kitu kisichotoa nafasi ya kujuta. Israeli mwaka 2006 jeshi liliamua askari wasiondoke na bunduki zao wanapokwenda nyumbani mwisho wa juma. Idadi ya askari waliojiua ikashuka kwa asilimia 40, na siku za kazi haikupanda kufidia. Hakuna askari aliyebadilishwa moyo. Bunduki ilibaki kambini, basi. Sri Lanka, nchi ya wakulima kama sisi, iliziondoa sokoni dawa kali za kilimo moja baada ya nyingine, na idadi ya waliojiua ikapungua kwa zaidi ya nusu katika miaka iliyofuata, ingawa umaskini, ugomvi wa ndoa na deni havikuondolewa sokoni. Watu waliopitiwa na saa ile bila kile kitu mkononi waliishi.

Kwa hiyo mzee anaposema, «mimi najifahamu, siwezi», namwamini, lakini hilo silo swali lote. Leseni ilimpima yeye. Haikumpima mwanawe aliyerudi nyumbani baada ya kufukuzwa kazi, haikumpima mkwe anayepigana na mkewe, haikumpima kijana wa kidato cha nne ambaye matokeo yake yametoka leo. Haikumpima hata yeye mwenyewe wa miaka kumi ijayo, ambaye pengine kiharusi kimempitia au sahau ya uzeeni imeanza kumchanganyia sura za wanawe na sura za wezi. Familia zinazomtunza mzee aliyeanza kusahau hujifunza kumficha visu na kiberiti. Bunduki husahaulika kwa sababu ni yake, ni ya heshima, na kumwomba mzazi bunduki yake ni kama kumwambia umekwisha. Ndiyo maana naona ni huruma kwa watoto mzee akiliamua mwenyewe mapema, asiwaachie kazi ya kumnyang'anya.

Na wajukuu? Watu hujipa moyo kwamba watoto hawajui ilipo. Utafiti uliofanywa na Frances Baxley na Matthew Miller, uliochapishwa 2006, uliwahoji wazazi na watoto kila upande peke yake katika eneo la vijijini la jimbo la Alabama. Katika wazazi waliosema mtoto wao hajui bunduki inapowekwa, asilimia 39 walipingwa na mtoto mwenyewe. Katika waliosema mtoto hajawahi kuishika, asilimia 22 walipingwa vilevile. Sidhani watoto wa Kiswahili wana udadisi mdogo kuliko wa Alabama. Mtoto aliyeletwa kwa babu likizo ya Juni anajua sukari ilipofichwa, anajua simu ya zamani ilipo, anajua ufunguo upi unafungua nini. Na bunduki ambayo haijaguswa miaka mingi ina hatari yake ya pekee: mwenyewe hakumbuki kama aliiacha tupu au la. Aisafishaye kila mwezi anajua. Aliyeiviringisha katika blanketi mwaka ule wa msiba anadhani tu.

Hofu ya wezi ndiyo hoja ninayoipa uzito mkubwa kuliko zote, kwa sababu si hofu ya kubuni. Wakazi wa Dar es Salaam waliokesha Septemba 2022, vikundi vya vijana wenye mapanga vinavyoitwa panya road vilipoingia majumbani, hawahitaji kufundishwa woga na mtu anayeandika mezani. Tuwaze basi usiku huo jinsi ulivyo. Sheria inamtaka mmiliki aihifadhi silaha mahali salama, na busara inataka iwe tupu, ndani ya kasha la chuma lililofungwa, risasi zikae mbali nayo. Mlango unavunjwa. Mtu aliyeshituka usingizini, umeme umekatika, anatafuta ufunguo, anafungua kasha, anatafuta risasi, anapakia kwa vidole vinavyotetemeka silaha ambayo hajaipakia tangu enzi za shamba, na wakati huo wenye mapanga wameshafika ukumbini waliko watoto. Ili bunduki imfae lazima iwe karibu na iwe imepakiwa, yaani iwe katika hali ile ile inayomweka mjukuu hatarini siku 364 zilizobaki. Bunduki iliyo salama haiko tayari, iliyo tayari haiko salama, na hakuna mahali pa katikati ambapo mtu asiye na mazoezi anaweza kuiweka akapata yote mawili. Pesa ya bunduki ikinunua nondo za madirisha, mlango wa chuma, taa ya nje, mbwa, na mchango wa sungusungu wa mtaa, italinda nyumba usiku wote, hata wakati mwenye nyumba amesafiri.

Tena bunduki yenyewe ni windo. Mwizi anayeingia kutafuta televisheni akikuta bunduki amepata kitu chenye thamani kubwa kuliko televisheni, na akijua mapema kwamba ipo, huja kwa ajili yake. Wanaosema kwamba watu wema wakiachia silaha zao waovu watabaki na zao wanasahau kwamba baadhi ya silaha za waovu zilianza safari katika kabati la mtu mwema. Ndiyo sababu nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika zilipotia sahihi Itifaki ya Nairobi mwezi Aprili 2004 hazikuzungumzia silaha za magendo peke yake. Ziligusa pia namna silaha halali za raia zinavyoandikishwa na kutunzwa. Tanzania ilipofanya uhakiki wa silaha za raia mwaka 2016, na Kenya ilipoamuru mwishoni mwa 2018 wenye leseni wote wakaguliwe upya, msingi ulikuwa huo: silaha halali isiyofuatiliwa ni suala la muda tu kabla haijawa haramu.

Siku mwenye bunduki anapofariki ndiyo siku ninayoiona mbaya kuliko ya wezi, na ndiyo inayozungumzwa kwa uchache. Shamba hurithiwa, ng'ombe hugawanywa, hata kanzu na fimbo hupata mwenyewe katika kikao cha ukoo. Bunduki haiingii katika mgao wa namna hiyo. Leseni ni ya mtu, haimfuati mtoto; mtoto wa kwanza hata akiwa mwema kiasi gani, kuishika bila kibali chake mwenyewe ni kosa la jinai. Na mirathi, iwe ya Kiislamu, ya kimila au ya mahakama ya mwanzo, huchukua muda, na katika muda huo mjane amekaa eda au matanga katika nyumba yenye silaha ambayo mwenye leseni yake yuko kaburini. Kama marehemu hakuwahi kusema ilipo, ataikuta mtu wakati wa kupanga vyombo. Kama alisema, watakuwepo ndugu wawili wanaoijua, na kila mmoja atamshuku mwenzake. Mmoja atasema ipelekwe polisi. Mwingine atanong'ona kwamba tukienda polisi tutaulizwa mengi, afadhali tuifiche mpaka arobaini ipite. Arobaini hupita na bunduki haitoki. Hivyo ndivyo kitu kilichoingia nyumbani kwa barua za mtendaji, mihuri na picha za pasipoti kinavyogeuka kuwa haramu bila mtu yeyote kukusudia uovu, na aliyeachwa nacho ni mama mwenye kaniki, ambaye pengine hakuwahi hata kuulizwa kama anaitaka nyumbani kwake.

Kwa wale ambao bunduki ni kumbukumbu, gobore la babu lililomuua chui au bunduki ambayo baba alipewa kwa utumishi wake, najua nasema jambo linalouma. Ila ninachoheshimu katika kumbukumbu hiyo ni babu, siyo kifyatulio. Polisi wanaweza kuulizwa utaratibu wa kulemaza silaha isiweze kupiga tena, na makumbusho yetu yamepokea vitu vya kale kutoka kwa familia. Picha ya babu na bunduki yake ukutani, na hadithi ikisimuliwa kwa majina na mahali, humfikia mjukuu ikiwa hai zaidi kuliko chuma kilichofichwa asikione.

Inabaki hoja ya mwisho, ambayo kwa haki ndiyo inayoniumiza kichwa. Mtu anaweza kukubali yote niliyosema kisha aseme: ukiniambia niiuze unaniambia nimpe mwenzangu hatari hiyo hiyo na kupokea fedha juu yake. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nitakuwa nimelala usingizi kwa gharama ya wajukuu wa mtu mwingine. Sina jibu linaloifuta hoja hii yote. Nina jibu la nusu. Bunduki ikienda kwa muuzaji mwenye leseni, au kwa mnunuzi aliyepata kibali chake mwenyewe na polisi wakaandika uhamisho, inamfikia mtu ambaye amepimwa sasa, kwa sababu aliyo nayo sasa; huyo wa dungu kule Rufiji anaihitaji leo, na katika mikono yake chuma kile kile kina kazi. Huo ni uuzaji ninaoweza kuutetea. Uuzaji nisioweza kuutetea ni ule wa Januari, ada ya shule imebana, jirani anasema nipe nikuongezee, leseni tutashughulikia baadaye. Mbuzi huuzwa hivyo. Bunduki ikiuzwa hivyo jina lililo kwenye daftari la polisi ni la muuzaji, na itakalofanya litamrudia yeye.

Njia ya pili ni kuisalimisha polisi bila kulipwa. Umoja wa Afrika umeutenga mwezi Septemba kuwa mwezi wa msamaha kwa wanaosalimisha silaha haramu, katika mpango wake wa Kunyamazisha Bunduki uliokuwa ufike kilele 2020 na sasa umesogezwa hadi 2030, na Tanzania nayo imekuwa ikitangaza vipindi vya kusalimisha kwa hiari. Mwenye leseni hahitaji msamaha wala kusubiri Septemba. Hana kosa, anaweza kwenda kituoni siku yoyote. Atapoteza fedha. Ningemshauri aliye na uwezo wa kuipoteza aipoteze, hasa kama bunduki yake ni chakavu na mtu makini hawezi kuinunua, maana mnunuzi wa bunduki chakavu mara nyingi si yule wa dungu. Aliye na shida ya kweli auze kwa njia ya halali bila kuona aibu. Na aliye na shaka, ambaye bado analima msimu mmoja na kukaa mjini msimu mwingine, aulize kituoni kama silaha yake inaweza kupokelewa na kuandikwa katika ghala la polisi kwa muda, aone maisha yake yanakuwaje bila kuwa nayo ndani. Miezi sita ikipita bila hata usiku mmoja wa kuitamani, jibu amelipata.

Jambo moja la mwisho ni la utekelezaji. Bunduki ikiondoka, risasi hubaki. Hazikuwa sehemu ya mazungumzo ya bei, ni ndogo, na zilitawanyika miaka mingi iliyopita: mbili katika mfuko wa koti la shambani, tatu katika kopo la misumari, moja juu ya kabati nyuma ya redio mbovu. Nazo ziko chini ya sheria ile ile, na mtoto akiitupa moja motoni haihitaji mtutu ili imjeruhi. Kabla ya kwenda kituoni koti litafutwe na likung'utwe, kopo limwagwe, mke na watoto waulizwe kama kuna waliyowahi kuiona, na zote zihesabiwe, ziende polisi siku moja na bunduki yenyewe.